Beseni la Georgette

Haki ya Mungu, na ya marehemu mama aliyenizaa, haya ninayoandika ni kweli tupu. Sikutia chumvi, sikuchovya sukari. Mke wangu yuko hapa barazani anachambua maharagwe, na kila ukurasa ninaoumaliza ninamsomea kwa sauti. Naye mambo haya anayajua tangu yakiwa mabichi, kwa hiyo niambieni uongo wangu ungepitia mlango gani. Tena nimeweka ahadi mbele yake: akinikamata na uongo hata mmoja, nitabeba beseni la unga kichwani kutoka sokoni mpaka mlangoni petu, jua likiwa utosini na watu wakiwa barabarani. Mtu mwenye goti kama hili langu la kushoto hachezi na ahadi ya namna hiyo.

Basi.

Nyinyi ambao hamkuiona Likasi ya miaka ile mmekosa kitu. King'ora cha kiwanda kilikuwa kinalia alfajiri na mji mzima unageuka kitandani kama mtu mmoja. Moshi wa Shituru, kiwanda chenyewe, ukipanda, tulikuwa tunasema mama yuko jikoni. Hospitali ilikuwa ya kampuni, shule ya kampuni, timu ya mpira ya kampuni, na ukifa, jeneza la kampuni, limepigwa randa vizuri hata ukaona aibu kulizika. Na kila mwezi ilikuwapo siku ya mposho. Kampuni inagawa chakula kwa watu wake: unga wa mahindi, maharagwe, mafuta, samaki wakavu wa Mwadingusha.

Mwanaume anafanya kazi, mwanamke anapanga mstari. Ndivyo dunia ilivyogawanywa, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeigawa. Mwanamke akifika dirishani hataji jina lake. Anasema, "Bibi ya fulani," na mgawaji anampimia. Walikuwapo wanawake waliopanga mstari ule maisha yao yote, na majirani walilisikia jina lao siku ya mazishi tu, padri akilitaja.

Katika mji huo aliishi kijana aitwaye Hilaire. Mrefu, mabega mapana kama mlango wa kanisa, macho ya kumfanya msichana asahau alichotumwa dukani. Baba yake, Mathieu, alikuwa mtu wa kampuni, mtu wa tanuru la kuyeyushia shaba. Hilaire hakuwa mtu wa kampuni. Alijifunza mkate kwa Mgriki mmoja, na Mgriki alipofunga duka akaenda kwao, Hilaire alichimba tanuri lake mwenyewe ndani ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Kichuguu kile kilikuwa kirefu kuliko nyumba. Na mkate wake, jamani. Harufu yake ilikuwa inafika mpaka Kamatanda, na wachimbaji wa huko walikuwa wanaacha sururu wakidhani saa ya kula imefika.

Na alikuwapo Georgette.

Georgette alifanya kazi laboratware, maabara ya kiwanda, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Koti jeupe, kalamu mfukoni, vidole vyenye madoa ya kijani ya shaba ambayo hata limau halikuyatoa. Ilikuwa miaka ile ambapo majina ya ubatizo yalikatazwa ofisini, na kazini walimwita jina lingine refu. Lakini tanuri la mkate si ofisi, na Hilaire alimwita Georgette.

Kilichowakutanisha ni beseni. Karai ambalo Hilaire alikandia unga lilitoboka, na Georgette, aliyekuwa amekuja kununua mkate, akasema kwa Kiswahili chetu cha Likasi, "Minye iko na beseni," yaani mimi ninalo. Akaleta beseni la marehemu mama yake, la enameli nyeupe, ukingo wa bluu, na ua jekundu chini katikati. Beseni lile halikurudi kwao. Jioni Georgette akitoka kazini alikuwa anapita "kuangalia beseni." Anakalia kreti iliyopinduliwa, anavua viatu, anamsimulia Hilaire rangi alizoziona siku hiyo ndani ya chupa zake: kijani ya jani changa, bluu ya joho la Bikira Maria. Hilaire anakanda na kusikiliza. Beseni lilikuwa zima. Waliendelea kuliangalia.

Jumapili moja baada ya misa, waimbaji wakiwa bado wanakunja mavazi yao, Georgette alimvuta Hilaire pembeni ya ukuta wa kanisa. Macho yalikuwa yanamng'aa.

"Balinitia chef ku laboratoire ya Kakanda."

"Chef, weye?"

"Minye. Mukubwa wao, na nyumba juu yake. Nyumba ya maîtrise, vyumba tatu, maji ndani, courant siku yote. Camion itakuya kubeba bintu byangu vendredi, saa sita."

Hilaire akafurahi, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Kakanda ulikuwa mji mwingine wa kampuni, na kwenye nyumba za maîtrise walikaa mafundi wakubwa, watu wa umeme, redio ya mbao na pazia dirishani. Hakuna mwanamke wa mtaa wao aliyekuwa amepewa ufunguo wa nyumba kama hiyo mkononi mwake mwenyewe.

"Hilaire," Georgette akasema, sauti ikapungua. "Tuende bote. Tuoane, tuende. Kule vichuguu biko bingi, utachimba tanuri ingine."

"Nyumba iko mu jina ya nani?"

"Yangu."

"Na mposho?"

"Yangu vilevile. Nani ingine?"

Hilaire akatazama viatu vyake. Alikuwa amevipaka rangi kwa ajili ya misa. "Na nani atapanga mustari?"

"Minye niko mu laboratoire asubui mpaka saa kumi. Weye mikate yako inaisha mapema. Unajibu mwenyewe."

"Nipange mustari na bamama?"

"Bamama habaumi."

"Nifike ku dirisha niseme nini, Georgette? Banasema bibi ya fulani. Minye nitasema nini?"

"Utasema ukweli. Utasema uko bwana ya Georgette."

Hapo Hilaire akacheka. Hakukusudia. Kilikuwa kicheko cha aibu, kile kinachomtoka mtu akiona anateleza mbele ya watu. Lakini kicheko ni kama mkate: kikishatoka tanurini hakirudi kuwa unga.

Georgette hakuinua sauti. "Mama yangu alipanga ule mustari mpaka shingo yake ikakufa kwanza, yeye nyuma. Sikuona mwanaume hata mumoja aliyeona ni kintu ya kucheka."

"Sikucheka weye."

"Najua ulicheka nini." Akarekebisha kitambaa chake kichwani. "Sawa. Uniletee beseni yangu vendredi, mbele ya camion kuenda."

"Georgette, ngoja."

"Beseni tu. Bingine nilikuachia."

Akaenda zake, mgongo umenyooka, na Hilaire akabaki ukutani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Nyumbani mama yake, Berthe, alikuwa amepakua bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Alikuwa mwanamke mfupi, shingo nene na imara kwa ajili ya mizigo ya miaka mingi. Kitambaa cha kichwa hakikutoka kichwani mwake. Watu walisema hata Mathieu hajui mke wake ana nywele gani. Alimtazama mwanawe mara moja tu.

"Nani alikufa?"

Hilaire akaeleza yote. Baba yake alikuwa anakula. Kelele za tanuru zilikuwa zimemziba masikio mzee Mathieu, na tangu hapo alisikia yale tu aliyoyataka.

"Nyumba iko na maji ndani?" mzee akauliza.

"Njo, papa, iko nayo."

"Ndani ndani?"

"Kula, Mathieu," Berthe akasema. Akamgeukia Hilaire. "Minye simukatai ule mutoto. Iko na akili, iko na heshima, mama yake tulipanga mustari mbele na nyuma. Lakini uniambie. Mutoto yangu mwanaume atakula bunga ya jina ya bibi? Atabeba beseni ku kichwa, mbele ya Rosalie na kinywa yake ile? Batasema Berthe alizaa mwanaume akageuka mwanamuke."

"Batasema siku mbili tatu, mama, bataachia."

"Hauwajue. Minye najua mustari ile kuliko kitanda yangu." Akamsogezea sahani. "Vendredi umupelekee beseni yake, iishe. Na usipeleke tupu. Beseni ya muntu hairudi tupu, sisi hatuko bashenzi. Utie mikate, umusalimie muzuri, urudi."

Siku zilizofuata, wenye kununua mkate walilalamika. Mara umeungua, mara hauna chumvi, mara una chumvi ya wiki nzima. Hilaire alikuwa anakanda ndani ya beseni lile, na kila alipousukuma unga pembeni, ua jekundu lilimtazama kutoka chini. Jioni alijikuta anapangusa kreti kwa kitambaa. Hakuna aliyekuja kuikalia. Alijaribu kukumbuka kama kuna rangi ambayo Georgette hakuwahi kumsimulia, akakumbuka nyekundu. Aliwahi kumuuliza juu yake. Georgette alisema nyekundu ndiyo ya mwisho, ni shaba yenyewe, inatokea ukishavumilia zile nyingine zote.

Ijumaa ikafika.

Ilikuwa mwezi wa saba, na nyinyi wa Likasi mnaijua baridi ya mwezi wa saba. Moshi uliotoka midomoni mwa watu ulishinda moshi wa Shituru. Maua ya jacaranda yalikuwa yameanguka barabara nzima, zambarau kama zulia la askofu, na Hilaire alitembea juu yake amevaa koti lake zuri, beseni limebanwa chini ya kwapa, ndani yake mikate ya moto imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Mikate ile ilikuwa mizuri. Mikate ya kuaga huwa mizuri siku zote.

Ili kufika kwa Georgette ilibidi apite mbele ya cantine ya kampuni, lilipo dirisha la mposho. Na siku ile ilikuwa siku ya mposho.

Mstari ulikuwa mrefu, mkia wake sikuuona. Wengine wanasema ulikuwa Kamatanda. Wanawake wenyewe walikuwa wamejikusanya pembeni wanaota jua, maana kwa desturi hawakusimama wao, yalisimama mabeseni. Kila mmoja alikuja gizani akaweka beseni lake chini, nyuma ya beseni la mwenzake, na beseni likashika zamu. Mabeseni ya bluu, ya kijani, ya bati, yenye viraka vya lami, yametulia kama waumini.

Hilaire akasimama. Akatazama mabeseni, akatazama lile lililokuwa kwapani mwake. Miaka yote ya uhai wa mama yake Georgette, beseni hili lilikuwa hapa, ardhini, katikati ya haya mengine. Yeye alikandia ndani yake, alilisugua, alilipenda, na hakuwahi kujiuliza lilipata wapi ule mkwaruzo chini. Georgette alikuwa anamalizia kazi laboratware. Mposho wake wa mwisho wa Likasi ungebaki dirishani, maana hakuna wa kuuchukua. Na Hilaire akaona wazi, kama mtu anayeona chini ya maji, kwamba akimrudishia beseni lina mikate amemwambia kwaheri, na hakuna neno lingine ambalo mikate ile ingeweza kusema.

Akafunua kitambaa. Akaanza kugawa mikate, kwa mama huyu, kwa mama yule, mpaka beseni likabaki na ua lake tu. Kisha akaliweka chini, nyuma ya beseni la mwisho.

Wanawake wakageuka. Rosalie, jirani yao, mwenye kinywa kile, akasema:

"Bamama, tupishe. Kumekuya mama mwenye ndevu."

Kicheko kikapita mstari mzima.

"Kijana, ulipotea. Mustari ya banaume iko ku bar."

"Niko mu yangu, mama Rosalie."

"Ulioa nani?"

"Bado."

"Bado, na ulishaanza kupanga? Bwana yangu minye alinizalisha batoto saba, cantine hajue hata mulango yake iko upande gani." Wakacheka tena. Rosalie akauma mkate aliopewa, akatafuna. Akauma tena. "Mukate iko muzuri," akasema, safari hii polepole. "Ungekuwa bwana yangu..." Mkate uliobaki akaushika mkononi.

"Mama Berthe," mwingine akaita kuelekea mbele. "Huyu si mutoto yako?"

Berthe alikuwa mbele kidogo, ametazama ukuta. Hakugeuka. "Mutoto yangu iko ku nyumba. Anapika mikate."

Maneno yale yalimpata Hilaire kifuani. Angeweza kuinama, kuchukua beseni, kuondoka. Barabara ilikuwa wazi. Badala yake alilisogeza beseni kwa mguu, hatua moja mbele, maana lililotangulia lilikuwa limesogea.

Dirishani alikaa Octave, mgawaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mkono mwepesi wa kutikisa kopo ili unga upungue. Zamu ya Berthe ikafika. "Bibi ya Mathieu," akasema, kama alivyosema tangu Hilaire yuko mgongoni. Octave akampima. Berthe akachukua beseni lake, akasogea pembeni, akaanza kulipanga na kulipangua kama mtu ambaye hajui unga unakaaje. Hakuondoka.

Wengine wakapita. Halafu likawa beseni lenye ua jekundu.

"Nani?" Octave akauliza, macho kwenye kopo.

Hilaire akasukuma beseni mpaka likagonga ukuta wa dirisha. Nyuma yake wanawake walikuwa wamenyoosha shingo kama kanisani padri anapoinua kikombe.

"Nani, nimesema?"

"Bwana ya Georgette."

Octave akainua macho, akainua na miwani. "Sema tena."

"Bwana ya Georgette. Ule wa laboratoire."

"Georgette hana bwana. Namujua. Mama yake nilimupimia mpaka mwisho." Octave akaweka kopo chini. "Muntu hawezi kutoka ku barabara akasema minye niko bwana ya fulani, nimupimie. Leo utakuya weye, kesho utakuya na punda. Inafaa muntu ingine akusemee. Nani anajua hii ndoa?"

Rosalie mwenyewe alikuwa anatazama mkate uliobaki mkononi mwake. Hilaire akahisi masikio yanawaka, baridi ile yote.

"Octave."

Ilikuwa sauti ya Berthe. Alikuwa ameacha beseni lake, amekuja dirishani, ameweka viganja vyake viwili juu ya ubao.

"Uache kutesa batu. Uko unanijua?"

"Weye? Kwani nani hakujui? Weye bibi ya Mathieu."

"Jina yangu njo Berthe."

Octave akabaki mdomo wazi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza jina la mwanamke kupita kwenye dirisha lile.

"Minye Berthe," mama akarudia, na hakuwa anamtazama Octave tena. Alikuwa amegeukia mstari. "Huyu njo mutoto yangu wa kwanza. Minye nilimuzaa, minye nasema: iko bwana ya Georgette. Bamama bote basikie, Rosalie asikie mara mbili." Kisha akamgeukia Octave. "Upime. Na usitikise mukono."

Octave akapima. Hakutikisa. Mwishowe akaongeza kopo moja juu, akajifanya anakohoa.

Hilaire alikuwa hajasogea. "Mama, ulisema..."

"Nilisema beseni ya muntu hairudi tupu. Sasa weye mupumbafu, utabeba namna gani? Ku kwapa?"

Na hapo, mbele ya mstari mzima, Berthe akainua mikono akafungua kitambaa chake cha kichwa. Nywele zake zilikuwa nyeupe, nyeupe kabisa, zimesukwa mistari midogo kama za msichana. Akakizungusha kitambaa mkononi, akakisokota, akakifanya kata, ile duara wanayowekea mzigo.

"Inama."

Hilaire akainama. Mama akaweka kata kichwani mwake, yeye na Rosalie wakainua beseni, wakaliweka.

"Usishike na mukono. Shingo moya. Angalia mbele, usiangalie chini. Chini kuko batu ya kucheka tu." Akampiga kidogo mgongoni, kama anavyopigwa ng'ombe wa kulima. "Na ku Kakanda hauendi leo. Bunga itangulie. Papa yako na bajomba bataenda kwanza kusema na batu yake, tufanye mambo na heshima. Sasa enda, camion haingoje."

Akaenda. Barabara nzima, haki ya Mungu, haikudondoka hata chembe.

Camion ilikuwa tayari imewashwa mbele ya nyumba ya Georgette, moshi unatoka nyuma, na dereva, Zéphirin, anapiga honi kwa kiwiko huku anakula njugu. Georgette alikuwa anafunga kamba ya godoro. Alisikia watoto wanapiga kelele, akageuka, akaona mtu anakuja na beseni kichwani, shingo imekakamaa, macho mbele kama askari wa gwaride.

Alimngoja Hilaire afike karibu. Alitazama unga. Alitazama chini ya beseni.

"Hiyo kitambaa ya nani?"

"Ya mama."

"Mama Berthe alibakia kichwa wazi? Mu mustari?"

"Mbele ya bote."

Georgette akakaa juu ya sanduku lake, akajifunika mdomo kwa vile vidole vya kijani. Mabega yalitikisika, na kwa muda Hilaire hakujua kama ni kicheko au ni kile kingine. Yeye naye hakuweza kuinama kuangalia.

"Nilikuambia beseni tu," Georgette akasema mwishowe.

"Nilileta beseni. Bunga ilipanda yenyewe."

"Na ku dirisha? Ulisema nini?"

"Ukweli."

"Gani?"

"Georgette, shingo inakatika."

"Gani?"

"Bwana ya Georgette."

"Sema tena."

"Na weye vilevile? Octave alisema hivyohivyo." Lakini akasema tena, na mara hii halikumgharimu. Lilitoka kama jina lake mwenyewe.

Georgette akasimama, akamtua beseni, akalishika kifuani. Nyuso zao zilikuwa karibu, unga katikati. Akamwangalia kwa muda ambao mtu anauangalia mji anaouhama.

"Batu ya mapendo," Zéphirin akaita kutoka dirishani, "saa sita ilishapita, na hii moteri haiko tanuri ya mikate. Ikizimika tutalala hapa."

Georgette akapanda mbele. Hakuliweka beseni nyuma na vyombo vingine. Alilipakata magotini, na inasemekana alilipakata hivyo mpaka Kakanda. Camion ikaondoka. Hilaire alisimama katikati ya barabara mpaka vumbi lilipokaa, kata ya mama yake bado iko kichwani, na hakuona aibu ya kuivaa.

Mwezi uliofuata wazee walikwenda kusema, na mwezi uliofuata tena padri alifungisha. Kule Kakanda Hilaire alichimba tanuri lake, akawasha moto alfajiri, mke wake akavaa koti jeupe akatoka, na siku ya mposho mwanaume mmoja alikuwa anaweka beseni lake chini katikati ya mabeseni ya kina mama. Walimcheka. Baadaye miaka ikageuka. Mshahara ukachelewa, mposho ukapungua kopo baada ya kopo, na wanawake wa nyumba zenye pazia wakatoka kwenda kuuza barabarani, mafuta, sabuni, vitenge. Waume zao wakabaki na watoto na sufuria. Ndipo wakaja mmoja mmoja kwa Hilaire, jioni, wakizungukazunguka neno, na mwishowe wakauliza kata inasokotwaje. Wakati ule hakuwa anamcheka mtu. Aliwaambia tu wasiangalie chini. Mji ule, harufu ile, king'ora kile, vimekwenda. Lakini wapo vikongwe wanaume Likasi na Kakanda ambao mpaka leo wanajua kubeba beseni bila kushika kwa mkono, na wajukuu zao hawajui walijifunza wapi.

Hapo nikaweka kalamu chini, nikamsomea mke wangu kutoka mwanzo mpaka hapa. Alikuwa bado ana maharagwe yake. Hakuinua kichwa.

"Ilikuwa mwezi gani?"

"Juillet. Haukumbuke baridi?"

"Baridi nakumbuka. Na ile maua ya jacaranda?"

"Yalikuwa barabara nzima, zambarau..."

"Mu juillet?"

Kila mtoto wa Likasi anajua: jacaranda inatoa maua joto likija, mwezi wa kumi. Mwezi wa saba ni mti tu, umesimama na vumbi lake.

"Niliona ni muzuri," nikasema. "Wasomaji banapenda maua."

"Na mabega kama mulango ya kanisa, iko ya nani? Ile koti ilikuwa ya mujomba yako. Mulitia magazeti mu mabega, minye mwenyewe niliisikia inalia kra kra."

"Ni kitabu, mama."

"Uliapa na jina ya mama yako. Mama Berthe yuko mu udongo, anakusikia." Akatupa harage bovu. "Na bunga ilidondoka. Nusu. Niliona mustari yake mweupe kutoka cantine mpaka mulango yangu, kuku banakufuata nyuma."

"Lakini bingine ni kweli."

Mikono yake ikasimama ndani ya maharagwe. "Bingine ni kweli," akakubali, taratibu.

Akainuka, akaingia ndani, akarudi na beseni. Enameli imemeguka ukingoni, na ua jekundu limebaki majani mawili. Tukaenda sokoni, yeye mbele, mimi na goti langu nyuma. Alichagua unga mwenyewe, akamwambia muuzaji ajaze mpaka uwe na kilele, kisha aongeze. Jua lilikuwa utosini. Watu walikuwa wanatutazama, na wauza mboga walikuwa wameacha kuuza. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, nywele nyeupe zikabaki juani, akakisokota kuwa kata.

"Inama, Hilaire."

Nikainama. Na kutoka pale mpaka nyumbani sikuangalia chini.